Wiki moja kwa Wadiné, na ukili wa bibi mkobani

Jumatatu: Phoenix hadi Window Rock

Tumeondoka Phoenix saa kumi na moja alfajiri, jua lisije likatukuta mjini. Dereva ni jirani yangu, Mkongo wa Bukavu, mwenye gari na mwenye subira. Mimi nimebeba ramani na chupa ya chai. Ndani ya mkoba wangu, chini ya nguo na chaja, nimeuweka ukili wa bibi yangu mzaa mama: pima tatu na ushei, umeviringishwa kama utepe, haujashonwa kuwa mkeka. Bibi alisuka mikeka Pangani maisha yake yote. Alifariki 2019 mkeka huo ukiwa haujafika popote, na ukili ukaja nami Marekani kwa sababu hakuna mwingine aliyeuulizia.

Aliyenitia safarini ni dada mmoja Mnavajo tunayefanya naye kazi zamu ya usiku. Siku moja wakati wa mapumziko nilimwonyesha picha ya ule ukili kwenye simu. Akaitazama, akaikuza, akaitazama tena, halafu akaniuliza, "Nyuma yake kukoje?" Mama yake ni mfumaji wa mazulia, alisema, na mfumaji huanza kuisoma kazi upande wa nyuma. Nikamwahidi nitaupiga picha. Akaniambia niache picha, niulete wenyewe.

Flagstaff tulisimama kujaza mafuta. Milima iliyosimama juu ya mji ramani inaiita San Francisco Peaks; Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné, wanaiita Dook'o'oosłííd, nao ni mlima wa magharibi katika minne mitakatifu inayoizunguka nchi yao. Tangu 2012 huko juu hutengenezwa theluji ya bandia kwa maji taka yaliyosafishwa, ili watu wapate kuteleza kwa raha. Makabila yalikwenda mahakamani kupinga, yakashindwa. Jirani yangu aliposikia hayo alizima redio. "Dada, hiyo ni sawa na kumwaga maji ya choo ndani ya kanisa."

Kuhusu saa, msomaji anivumilie. Jimbo la Arizona halibadilishi saa majira ya joto. Eneo la Wanavajo hubadilisha, kwa hiyo ukivuka mpaka wao saa moja nzima inapotea. Katikati ya eneo lao kuna Wahopi, na wao hawabadilishi. Mimi tayari kila nikitazama simu natoa saa sita kichwani nipate saa ya Kiswahili. Kufika jioni nilikuwa nimeacha kuhesabu, nafuata tumbo.

Nchi ni kubwa. Eneo lao limekalia sehemu za Arizona, New Mexico na Utah, kama kilomita za mraba 70,000. Mkoa mzima wa Tanga unaingia humo mara mbili na bado pakabaki pa kulisha kondoo. Redio tuliyoikamata ni KTNN, kilohezi 660 za AM, inayotangaza kwa Kinavajo tangu 1986. Mtangazaji anakwenda kwa Kinavajo, neno la Kiingereza linachomoza mara mojamoja kama mwiba, halafu anapiga wimbo wa wachunga ng'ombe. Hatukuelewa kitu, wala hatukubadilisha stesheni.

Jumanne: Window Rock

Makao makuu yao yamepewa jina la mwamba mwekundu wenye tundu la mviringo katikati, mbingu inaonekana ng'ambo. Chini yake kuna kumbukumbu ya wanajeshi waliotuma ujumbe wa siri kwa Kinavajo katika vita vya pili vya dunia. Wa mwanzo walikuwa 29, mwaka 1942. Nilisimama hapo nikiwafikiria watoto wa kizazi hichohicho, waliopelekwa shule za bweni za serikali na kuadhibiwa kwa kusema Kinavajo. Lugha iliyokuwa kosa darasani ikawa silaha baharini Pasifiki. Wasomaji wa kwetu waliovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili shuleni hawahitaji maelezo zaidi.

Mchana makumbusho ya taifa lao. Nilikwenda kutazama mazulia, nikakwama kwenye habari za mkataba. Mwaka 1864 jeshi la Marekani, kazi iliyosimamiwa na Kit Carson, lilichoma mashamba yao na kuua mifugo hadi njaa ikawatoa mafichoni. Zaidi ya watu 8,000 walitembezwa kwa miguu mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo, mahali wao wanapopaita Hwéeldi, na wakafungwa huko miaka minne kwenye maji ya chumvi na mahindi yanayoliwa na wadudu. Tarehe 1 Juni 1868 viongozi wao, Barboncito na Manuelito miongoni mwao, walitia saini mkataba, wakarudi kwao. Ni jambo lisilo la kawaida katika historia ya Marekani: kabila kuhamishwa na kuruhusiwa kurudi kwenye udongo wake.

Ndani ya mkataba kuna kifungu cha kondoo na mbuzi 15,000. Kwa mfumaji hicho ndicho kifungu chenyewe, kwa sababu bila kondoo hakuna sufu. Nakala halisi ya serikali ililetwa hapa 2018 kuonyeshwa, miaka 150 baada ya saini, kisha ikarudi Washington. Mwaka uliofuata wakapewa nakala nyingine, hii ikawa yao kabisa. Ilikuwa imekaa darini katika nyumba moja huko Massachusetts, kwa ukoo wa Tappan, mmoja wa waliokwenda kusaini kwa niaba ya serikali. Karatasi ya watu maelfu, darini, pamoja na masanduku ya nguo kuukuu. Nikaupapasa mkoba wangu kuona kama ukili bado upo.

Jumatano: Ganado

Asubuhi Ganado, kwenye duka la Hubbell. John Lorenzo Hubbell alilinunua 1878, na tangu 1967 ni mali ya idara ya hifadhi za taifa, lakini bado linauza: unga, soda, kamba, mazulia. Sakafu ya mbao inalia kila ukikanyaga. Kaunta imeinuliwa juu kama ya mhindi wa zamani wa Pangani, na harufu ni ileile ya ngozi, kahawa na vumbi. Jirani yangu akanunua tufaha moja, ili tu aweze kusema amenunua kitu duka la mwaka huo.

Chumba cha mazulia kina kitu kilichonisumbua siku nzima. Ukutani kumetundikwa picha ndogondogo za rangi, kila moja imechorwa mfano wa zulia. Hubbell alizichorisha ili wafumaji waone ni mitindo gani anataka kununua. Zulia mashuhuri la hapa, jekundu lenye almasi katikati na nyeusi, kijivu na nyeupe pembeni, linaitwa kwa jina la mji huu, na mkono wa mwenye duka umo ndani yake. Kabla ya reli kufika miaka ya 1880 wanawake hawa walifuma mablanketi ya kuvaa, laini na mepesi. Wateja wa mashariki ya Marekani walitaka kitu kizito cha sakafuni, chenye mpaka pande zote, na wenye maduka wakaagiza hicho. Kulikuwa na enzi zulia lilinunuliwa kwa ratili, kama karafuu, hata mwenye kutia mchanga kwenye sufu akawa anatafuta haki yake.

Sasa basi, la asili ni lipi? Mzungu mmoja chumbani alimuuliza muuzaji swali hilo kwa sauti ya mtu anayeogopa kupunjwa. Nami nilitaka kumjibu kwa kanga. Ilianza na leso za Kireno zilizounganishwa, ikachapwa India, ikachapwa Manchester, sasa inachapwa hata China, na mtu akiniambia si yangu tutagombana. Kitu kinakuwa cha watu kwa kuvaliwa, kuolewa nacho, kuzikwa nacho. Lakini wasiwasi wangu ulikuwa mwingine: kanga sikuifuma mimi, na wale wanawake mazulia waliyafuma wao, kwa vidole vyao, wakitazama ukuta wa mtu mwingine.

Usiku tumelala Chinle. Mbwa wa barabarani wengi, wapole.

Alhamisi: Canyon de Chelly, halafu Tsaile

Bonde hili lilitangazwa hifadhi ya taifa 1931, lakini ardhi ni ya Wanavajo na familia bado zinalima humo. Mgeni hashuki bila mwongozaji wa Kinavajo. Wa kwetu alikuwa mzee wa makamo, kofia nyeusi, maneno kwa kipimo. Alitushika mkono kwa namna yao, kugusa tu bila kubana. Jirani yangu, ambaye husalimia kama anayevuta maji kisimani, alibaki na mkono hewani.

Kuta za mawe mekundu zinapanda pande zote mbili, na chini kuna mchanga, mto usio na maji mengi na mashamba ya mahindi. Alituonyesha miti michache ya mapichi. Jeshi lilipopita hapa 1864 lilikata maelfu ya miti hiyo. Hii ya sasa, alisema, ilipandwa na waliorudi. Kwenye nyumba za kale zilizojengwa pangoni na watu waliokuwapo kabla yao alisimama mbali, akaelekeza kwa midomo, hakusogea. Waliokufa wana mahali pao. Watalii waliokuwa mbele yetu walikuwa wameegemea uzio karibu kabisa, simu juu.

Alasiri tukapanda ukingo wa kusini kuitazama Spider Rock, nguzo ya jiwe inayosimama peke yake bondeni, urefu zaidi ya mita 200. Hapo juu, wanasema, ndipo anapokaa Mwanamke Buibui, Na'ashjé'ii Asdzáá, aliyewafundisha Wadiné kufuma. Mumewe ndiye aliyewafundisha kutengeneza kitanda cha kufumia. Ncha ya nguzo ni nyeupe, na watoto watundu huambiwa ile ni mifupa ya watoto watundu waliotangulia. Mwongozaji alicheka alipofika hapo. Nikaona mlango umefunguka, nikamwomba kisa chenyewe, kwa ukamilifu: kile kitanda cha kwanza kilitengenezwa kwa nini?

Akakitazama kiatu chake. "Theluji bado," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaeleza: visa hivyo ni vya majira ya baridi, wakati buibui, nyoka na dubu wamelala. Hata michezo ya kutengeneza maumbo kwa uzi vidoleni hungoja baridi. Leo ni Septemba, na mwenye habari yumo humu humu anasikia.

Nilirudi garini nikiwa na miaka minane. Bibi yangu alikataa katakata kutoa hadithi mchana. Anayesimulia ngano jua likiwaka, alisema, ataota mapembe. Sisi wajukuu tulidhani ni ujanja wa kutupeleka kisimani kwanza. Huenda ulikuwa ujanja. Lakini hadithi zake nazikumbuka zote, na zote zimo gizani, na taa ya kibatari. Kisa cha kitanda cha kwanza kimechapwa vitabuni miaka mingi iliyopita, mwenye haraka atakipata. Mimi hapa sikiandiki. Sitaki pembe.

Tsaile ni mwendo mfupi kutoka hapo. Kuna chuo walichokianzisha wenyewe 1968, cha kwanza Marekani kuongozwa na kabila. Sasa kinaitwa Diné College. Jengo lake kubwa ni ghorofa sita za vioo, lenye umbo la hooghan, nyumba yao ya asili ambayo mlango wake hutazama mashariki. Mafunzo yamepangwa kwa hatua nne, kila moja na upande wake wa dunia: kufikiri mashariki, kupanga kusini, kuishi magharibi, na kaskazini ule utulivu wa mtu aliyekwisha kulipitia jambo. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akila chipsi kwenye ngazi alituambia yeye bado yuko mashariki, na mtihani ni kesho.

Kilichonileta hapa ni habari ya Hosteen Klah. Alizaliwa 1867, akawa mganga mwimbaji wa ibada na pia mfumaji, kazi ambayo kwao zaidi ni ya wanawake. Picha za mchanga zinazochorwa sakafuni kumponya mgonjwa hufutwa siku hiyohiyo. Klah akazifuma kwenye zulia, zikabaki. Watu wake waliogopa. Wengine walingoja apofuke au afe. Hakupofuka, akaendelea, kwa hofu kwamba baada yake hapatakuwa na anayejua. Alishirikiana na tajiri wa Boston, Mary Cabot Wheelwright, kuanzisha makumbusho Santa Fe yaliyofunguliwa 1937, mwaka aliofariki. Yakahifadhiwa humo mazulia, nyimbo zilizorekodiwa, na mafurushi ya dawa ya waganga.

Mwaka 1977 makumbusho hayo yakarudisha mafurushi, yakaletwa hapa Tsaile, kwa sababu waganga wapya walikuwapo na walihitaji vitendea kazi. Klah alikuwa amekosea hesabu: kizazi hakikukatika. Lakini bila kosa lake kungekuwa na nini cha kurudisha? Nimelala na swali hilo, na blanketi mbili.

Ijumaa: upande wa Two Grey Hills

Tumevuka milima ya Chuska, misonobari mirefu na baridi, tukashuka upande wa New Mexico. Dada wa kazini alikuwa ametutangulia. Njia ya kwao siitaji. Kuna nyumba ya kisasa ya bati na mbao, hooghan kando yake, mapipa ya maji yaliyoletwa kwa gari (katika nchi hii karibu theluthi ya nyumba haina bomba), na zizi.

Kabla ya kukaa tukaulizwa sisi ni nani. Si majina. Kwao mtu hujitambulisha kwa koo nne: wa mama, wa baba, wa babu mzaa mama, wa babu mzaa baba, na ukoo hufuata mama. Wenyeji wakishasikia hizo wanajua wakuite dada, shangazi au mjukuu, na undugu huo, k'é, una wajibu wake. Kwa mama mimi ni Mzigua, na Wazigua nasi tulikuwa tukihesabu kwa mama, hapo nilipita kifua mbele. Kwa baba wakataka ukoo wa mama yake, nikakwama, kisha nikamkumbuka: Msegeju. Babu mzaa mama, Mdigo. Babu mzaa baba, Mbondei. Mama mfumaji alitikisa kichwa kila nilipotaja, kama anayepanga vyombo. Jirani yangu alikuwa Mushi, mtu wa kabila la Bashi wa Bukavu, pande zote nne, na akaombwa arudie kwa sababu walidhani anatania.

Nilimwita shimá, mama yangu, kama binti yake alivyonifundisha njiani. Akanisahihisha matamshi mara tatu.

Tukaletewa mkate wa kukaanga. Ni andazi, wasomaji, andazi lililolazwa na kutandazwa, bila iliki. Mimi Mwislamu, ikabidi niulize mafuta. Binti akanionyesha chupa ya mafuta ya mahindi, mama akasema zamani yangekuwa ya nguruwe: unga mweupe na mafuta hayo ndiyo posho waliyopewa kule Hwéeldi, na mkate huu ulizaliwa huko. Wanaupenda na wanaulaumu, maana sukari imewamaliza wazee. Nilikula mitatu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa sikungojewa hata ya pili. Nikapewa mbao mbili zenye meno ya waya na furushi la sufu, nichane. Mazulia ya upande huu hayatiwi rangi nyingi. Uzuri wake ni sufu ilivyotoka kwa kondoo, nyeupe, kahawia, nyeusi, na kijivu kinachopatikana kwa kuchana nyeusi na nyeupe pamoja. Kijivu changu kilitoka na mabaka. Akakichukua bila neno, akakichana upya. Kisha akakaa chini, akashika kijiti kirefu chenye kisahani cha mbao, akawa anakiviringisha pajani, na sufu ikarefuka kuwa uzi. Wazee wa kwetu husokota kamba ya makumbi kwa paja hilohilo.

Kitanda chao husimama wima, kama mlango. Mtande ni uzi mmoja usiokatwa, umepigwa juu na chini kati ya miti miwili. Mfumaji hukaa chini, huanza chini, hupanda. Ubao bapa huingizwa katikati ya nyuzi na kugeuzwa ubavu kufungua njia, mshindio unapita, halafu kitana cha mbao kinaushindilia: du, du, du. Hakuna mchoro. Zulia zima liko kichwani. Daisy Taugelchee, mfumaji mkubwa kuliko wote waliotoka upande huu, aliingiza mishindio zaidi ya 100 katika inchi moja. Nilijaribu kuwazia kidole gumba changu kikibeba nyuzi mia, sikuweza. Na kwa kuwa mtande haukatwi, kadiri kazi inavyopanda nafasi inabana, mpaka inchi za mwisho ubao hauingii tena, na mama huyu humalizia kwa waya uliotolewa kwenye mwavuli mbovu. Inchi hizo, alisema binti, huchukua siku kuliko futi nzima ya chini, na wanunuzi hawajui.

Pembeni, kwenye mpaka mweusi, kulikuwa na uzi mmoja mwembamba mweupe unaotoka katikati hadi ukingoni. Ukiuona dukani utadhani kasoro. Ni njia: mawazo ya mfumaji yapate pa kutokea, yasifungiwe ndani ya zulia akashindwa kufuma jingine.

Nikatoa simu. Akainua mkono. Mikono yangu piga, akasema, zulia hapana, halijaisha. Baadaye binti akaniambia sababu mbili. Moja ni ya kibiashara: mtindo mpya ukionekana mtandaoni leo, mwezi ujao unauzwa ukiwa umefumwa nchi nyingine. Ya pili hakuieleza, nami, tangu jana, nimejifunza kutouliza mara mbili.

Usiku, baada ya chai ya majani ya porini, nikautoa ukili.

Aliufungua juu ya mapaja. Kama nilivyoahidiwa, akaugeuza nyuma kwanza. Akapitisha kidole gumba polepole, akahesabu chane kwa Kinavajo, akauliza ni jani gani, ulichovywa rangi kabla au baada ya kusukwa. Nikamjibu ninachojua: ukindu, kabla, katika sufuria ya maji yanayochemka na rangi ya dukani. Akauliza msuko huu unaitwaje. Sikujua. Akaendelea, pima moja, pima mbili, halafu gumba likasimama. Akarudi nyuma kidogo, akapita tena, akasimama palepale. Akasema kitu, binti akatafsiri.

"Anasema kuanzia hapa ni mkono mwingine."

Sikuona tofauti. Akanishika kidole, akakipitisha. Upande mmoja ukili umebana kama ngoma. Baada ya hapo umelegea kidogo sana, na ukingo wa kushoto unavuta. Bibi alikuwa akisuka peke yake, nikasema. Mama mfumaji hakubisha. Ncha ya ukili ilikuwa imeanza kufumuka. Akakata kipande cha uzi wake wa kijivu, akaifunga, akaviringisha, akanirudishia.

Jumamosi: zizini, halafu Gallup

Alfajiri tulitoa kondoo. Wachache ni wa aina ya kale, churro, sufu ndefu isiyo na mafuta mengi, na dume mmoja ana pembe nne, nne kweli. Nikamwuliza kama amekuwa akisimulia hadithi mchana. Miaka ya 1930 serikali iliamua mifugo imezidi, ardhi inamomonyoka, ikaondoa na kuchinja mamia ya maelfu ya wanyama wao, wengine wakapigwa risasi na kuachwa. Churro karibu watoweke. Kufikia miaka ya 1970 walibaki mia chache, ndipo mwaka 1977 mtaalamu wa mifugo Lyle McNeal akaanza mradi wa kuwazalisha na kuwarudisha. Wadiné wana msemo, dibé bee iiná, kondoo ndio maisha. Binti alisema nyanya yake aliyashuhudia mauaji hayo na hadi anakufa alikuwa akiwataja kondoo waliouawa mmojammoja.

Barabara ya kwenda Gallup ilikuwa na namba 666 hadi 2003, wakaibadilisha kuwa 491. Jirani yangu, mwanakwaya, aliendesha kwa raha zaidi aliposikia.

Gulio la Jumamosi Gallup ni kama Tangamano siku ya mwisho wa mwezi. Nyama ya kondoo inachomwa, dawa za majani, matairi, vito vya fedha na feruzi. Nilisimama kwenye mkufu mkubwa wenye kidani cha mwezi mchanga kinachoitwa naja. Nilisema moyoni, hilali! Na sikuwa mbali: umbo hilo lilikuja na hatamu za farasi wa Wahispania, nao walilitoa kwa Waislamu wa Andalusi. Limezunguka dunia, likanikuta New Mexico.

Bei ndizo zilizonitia shaka. Kuuza bandia kwa jina la kazi ya wenyeji ni kosa kwa sheria ya 1990, na 2018 mfanyabiashara mmoja wa Albuquerque alifungwa miezi sita kwa kuuza vito vilivyotengenezwa Ufilipino. Binti alinifundisha: mwulize muuzaji nani ametengeneza, na wa wapi. Mwenye kazi halali atakupa ukoo mzima. Niliuliza meza tatu. Kwenye mbili muuzaji alianza kupanga bidhaa.

Jumapili: kurudi

Mwendo mrefu, hakuna la kusimulia ila Mushi wangu alipigwa faini ya mwendo kasi na akaistahili.

Saa mbili usiku Phoenix, saa kumi na mbili asubuhi Pangani. Nikampigia mama mdogo.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Kuna usalama? Mbona alfajiri?"

Nikamwambia habari za ukili, na yule mama wa sufu, na gumba lake lilivyosimama. Upande wa pili kimya. Nikasikia jogoo, na mtu anafagia.

"Kaona kweli?"

"Kaona. Mimi sikuona."

"Bibi yako macho yalikuwa yamekwisha," akasema. "Mwezi wa mwisho. Nilikuwa nausuka usiku akishalala, asubuhi anapapasa anaona umeongezeka, anafurahi. Hakuna anayejua hilo. Sikumwambia hata mama yako."

Nikamwuliza msuko ule unaitwaje. Akacheka, kwa pua, kama bibi.

"Jina linalo. Lakini hilo halisemwi kwenye simu mwanangu. Njoo ukae mkekani, nikutie mkononi kwanza, ndiyo ujue unaitwaje. Ncha umeifunga? Isije ikafumuka yote."

"Imefungwa. Kwa uzi wa sufu. Yeye ndiye aliyeifunga."

"Sufu ya mnyama?"

"Ya kondoo wake."

Akafikiri kidogo. "Basi usiufungue," akasema. "Njoo nao hivyohivyo."